Kuotesha okidi ya madoa ya chui kwa mbegu, tunda liko mtini, nifanyeje?

Mkwezi_Muheza

Habari za jioni wakuu, wakubwa shikamooni. Nipo Muheza, huku chini kwenye joto, sio kule juu Amani. Shambani kwa babu kuna mwembe wa siku nyingi sana na kwenye panda ya tawi imekaa ile okidi kubwa yenye mashina marefu ya pingili, maua ya njano yana madoa ya kahawia, na mizizi yake mingine badala ya kushuka inaelekea juu, myeupe imechongoka, ukiingiza mkono inachoma na imejaa majani makavu ya mwembe. Mwaka huu maua yalipopukutika yamebaki matunda mawili ya kijani, saizi ya kidole gumba hivi, bado hayajapasuka.

Sasa nia yangu ni kuotesha miche. Huku vijana wanapita na mapanga wanabandua okidi kwenye miti wanaenda kuzipanga barabarani, mtu ananunua anaenda kuifukia kwenye udongo mweusi nyumbani, wiki chache imeoza, anarudi kununua nyingine. Nikasema kama mtu angekuwa na miche ya kitalu si ingekuwa nafuu hata kwa mwembe wenyewe. Ila kila ninayemuuliza ananiambia mbegu zake ni vumbi tu hazioti, wengine wanasema mpaka uwe na maabara. Je ni kweli? Nivune lini tunda, na mtu wa kawaida mwenye jiko na presha kuka anaweza? Naomba mnieleze kwa lugha ya shamba, natanguliza shukrani.


marando_bukoba

Mkuu achana na mbegu utazeeka bure. Sisi huku Kagera tunalima vanila na vanila nayo ni okidi, hujawahi kusikia mtu anapanda mbegu ya vanila, tunakata marando tunapandikiza basi. Hiyo yako shika shina zima lenye mizizi gawa mara mbili au tatu, kila kipande kibaki na mashina kama matatu, funga kwenye mti mwingine kwa kamba ya katani, si uko Tanga mkonge umejaa. Msimu mmoja unaona chipukizi. Hayo ya chupa ni ya wazungu wenye muda.


Kitalu_Kigamboni

Mkwezi hongera kwa kuiacha juu ya mti. Hiyo ni Ansellia africana, na kwa joto lenu la huko chini uko mahali pake kabisa. Jina lilitoka kwa John Ansell aliyeikuta kisiwa cha Fernando Po, siku hizi kinaitwa Bioko, mwaka 1841, ila mmea wenyewe umetapakaa kuanzia Afrika Magharibi, kwetu huku, mpaka kusini kabisa. Na sura zake hazifanani, kuna yenye maua ya njano matupu na kuna yenye madoa mpaka njano inatafutwa. Hapo ndo namjibu na marando: kugawa shina ni sawa, hata mimi nagawa, lakini ukigawa unapata mmea uleule mmoja, ukipata ugonjwa wote wanaumwa, na vipande vitatu huwezi kufungua kitalu. Tunda moja lina mbegu maelfu kwa maelfu. Mkwezi anataka kuwanyang'anya soko wale wa mapanga, hawezi kushindana nao kwa vipande vitatu.

Sasa kwanini "hazioti". Haragwe lina chakula chake ndani, ukilipa maji linajitegemea mpaka litoe majani. Mbegu ya okidi haina hiyo akiba. Ni kiini kidogo cha chembe chache kiko ndani ya kingozi chepesi chenye hewa, imeumbwa ipeperuke na upepo ifike kwenye gome la mti mwingine. Ikifika inasubiri fangasi wa aina yake aingie ndani, na inamnyonya huyo fangasi sukari mpaka iweze kujitengenezea. Asipokuja inakufa, na nyingi sana zinakufa, ndo maana tunda moja linazaa vumbi lote lile na bado msitu haujajaa okidi. Mfaransa Noël Bernard ndo aligundua habari ya fangasi mwaka 1899. Halafu 1922 Lewis Knudson wa Cornell kule Marekani akaonesha kwamba ukiipa mbegu sukari na madini kwenye aga, ule unga wa kugandisha maji kama jeli, ndani ya chupa safi inaota bila fangasi yeyote. Kila unachokiona kwenye vidio za yutubu za okidi za chupa kinatokea hapo.

Tatizo linakuja palepale kwenye sukari. Ukiweka sukari, maji na joto la Muheza kwenye chupa umeandaa karamu, na wa kwanza kufika sio okidi, ni ukungu. Mbegu moja ya ukungu ikiingia ndani ya siku chache chupa imeota manyoya ya kijivu na okidi zote zimefunikwa. Kwa hiyo usiogope kemia hata kidogo, kemia ni rahisi, ogopa uchafu wa hewa.

Kuhusu kuvuna una njia mbili na kwa bahati una matunda mawili.

Ya kwanza ni tunda bichi. Mbegu ndani zinakuwa tayari kabla tunda halijapasuka, na likiwa bado limefunga ndani yake ni safi kabisa, hakuna ukungu, kazi yako ni kusafisha nje tu. Hii ndo nakushauri. Subiri lijae, ile kijani iliyokolea ianze kufifia ielekee njano, matuta ya pembeni yaonekane vizuri, ila lisiwe na ufa hata wa nywele. Likiwa na ufa hesabu ni njia ya pili.

Njia ya pili ni mbegu kavu. Unavisha tunda mfuko wa karatasi au kitambaa chepesi kama soksi ya nailoni, unaacha lipasuke lenyewe, vumbi la njano linabaki humo. Hizo ni lazima zioshwe kwa jiki kwa sababu zimeshagusa hewa. Faida yake zinatunzika, kausha vizuri funga kwenye karatasi, weka kwenye chupa yenye mchele uliokaangwa bila mafuta ukapoa, au vile vipakiti vya kwenye boksi la viatu, halafu frijini chini sio kwenye barafu. Unaweza hata kumgawia mwenzio.

Kabla hujahangaika angalia kama mbegu zina kitu. Chukua kidogo weka kwenye kioo, tumia lenzi ya kukuza au ile lenzi ndogo ya kubana kwenye simu. Mbegu nzima ina kidoa katikati, pepe ni ngozi tupu inayopitisha mwanga. Tunda linaweza kunenepa vizuri kabisa na ndani ni mapepe matupu.


Mkwezi_Muheza

Aisee mkuu asante sana, hii haipo popote. Sasa hicho chakula cha kwenye chupa nakitengenezaje na vitu vya dukani? Na kwenye kupanda kwenyewe bila maabara inakuwaje?


Kitalu_Kigamboni

Mkuu ni wa kiume mwanangu, mimi mama mtu mzima, wajukuu wapo.


Mkwezi_Muheza

Shikamoo mama, nisamehe, jina halikuonesha.


Kitalu_Kigamboni

Marahaba. Haya andika.

Kwa lita moja ya maji, ya mvua au yale ya chupa yasiyo na chumvi, maana maji ya visima vya pwani yataharibu: sukari nyeupe gramu 20, aga gramu 7 au 8, mbolea ya maji ya NPK yenye madini madogomadogo gramu 1 au 2. Kwenye mbolea soma pakiti vizuri, nyingi za kupulizia majani zina yurea kwa wingi na yurea ukiipika inavunjika inatoa amonia, tafuta ambayo naitrojeni yake ni naitreti na amonia, zile za wanaolima bila udongo ndo nzuri. Ongeza maji ya dafu mililita 100 mpaka 150, dafu changa sio nazi, hapo watu wa maabara huko duniani wanayanunua kwa bei na sisi tunayamwaga. Mkaa wa dawa gramu moja, ule unaouzwa famasi kwa ajili ya tumbo, sio wa kupikia. Mkaa unanyonya taka zinazotolewa na mimea na pia chupa ikiwa nyeusi vitoto vya kijani unaviona vizuri.

Uchachu ni muhimu, vipande vya karatasi ya kupimia pH vinapatikana maduka ya vifaa vya maabara na ya wafuga samaki. Unataka kati ya 5.2 na 5.8. Ikizidi weka tone la siki, ikipungua punje ya magadi. Ukishuka chini ya 5 aga haigandi vizuri, unabaki na uji.

Chemsha mpaka aga iyeyuke, mimina kwenye chupa za vioo zenye mfuniko wa bati, zile za jemu na siagi ya karanga, sentimita mbili zinatosha. Mfuniko toboa tundu dogo, jaza pamba ngumu au bandika plasta ya karatasi ya hospitali mara mbili, chupa inahitaji kupumua lakini ichuje. Mfuniko usikaze mwisho. Panga kwenye presha kuka juu ya kibao au chekeche zisiguse chini, weka humo pia kisu au wembe, koleo ndogo na kikombe cha maji, vyote umevifunga kwa karatasi ya foili. Hesabu dakika 20 tangu presha ikamilike, na kama kuka yako ni dhaifu nenda 30. Kinachotakiwa ni nyuzi 121, sufuria la kawaida linaishia 100 na kuna mbegu za bakteria zinacheka tu kwenye 100. Acha ipoe yenyewe usifungue kwa pupa, ukishusha presha haraka aga inaruka inalowesha pamba. Halafu chupa ziache siku nne tano kabla ya kupanda. Iliyootesha kitu kabla hujaweka mbegu itupe, imekuepusha na hasara.

Kupanda. Tafuta boksi la plastiki angavu kubwa, ligeuze kifudifudi, toboa matundu mawili ya mikono. Funga madirisha, zima feni, pangusa ndani kwa jiki iliyochanganywa na maji, acha hewa itulie. Glavu na spiriti. Tunda bichi lisugue kwa mswaki na sabuni ya vyombo, lizamishe kwenye jiki yenyewe dakika 20 au 30, lisuuze kwa yale maji uliyoyapika, ndani ya boksi likate kwa urefu na mbegu uzikung'ute kwenye chupa kidogokidogo, zisirundikane. Kwenye vitabu utaambiwa uchovye tunda kwenye spiriti uliwashe moto, inafanya kazi lakini spiriti, glavu za plastiki na boksi la plastiki sitaki kukusoma kwenye gazeti.

Kwa mbegu kavu jiki sehemu moja maji sehemu nne na tone la sabuni, maana mbegu zinaelea hazitaki kulowa, tikisa dakika kumi, chuja kwa karatasi ya chujio la kahawa iliyopitia presha, suuza, weka kwenye chupa. Ukizidisha muda kiini kinakufa, ukipunguza ukungu unapona.

Chupa zikae kwenye nyuzi 25 mpaka 28, mwanga wa dirishani usio na jua. Hapo naomba unisikie, jua likiipiga chupa iliyofungwa hata robo saa joto la ndani linapanda kuliko la nje na unawapika. Huku pwani chupa nyingi zinakufa kwa jua la alasiri lililozunguka likaingia dirisha ambalo asubuhi lilikuwa na kivuli.


Mzee_Kizingo

Salaam kutoka Mombasa. Huyu mama amesema yote, mimi nina mawili tu ya kuongeza.

Hiyo aga usiende kununua ya maabara bei itakutoa jasho. Nenda duka la viungo uulize aga ya kupikia faluda, iko ya unga na iko ya nyuzi nyuzi. Hapa kwetu Ramadhani yoyote utaipata. Chukua ya unga isiyo na sukari wala rangi wala arki, soma pakiti, kuna nyengine ni jelatini wameandika kwa herufi kubwa jina lengine. Jelatini haifai, kwa joto letu inayeyuka. Ya nyuzi pia huganda lakini kuipima ni taabu. Pima kwanza kikombe kimoja uone inavyoshika, kwa sababu aga za jikoni nguvu zake hazilingani.

La pili, kama hilo boksi linakutatiza, wako watu wapanda juu ya mvuke. Sufuria pana la maji lichemke, juu yake weka wavu wa chuma, chupa unaifungua humo ndani ya mvuke mdomo ukiwa umeelekea pembeni. Mvuke unapanda na kuisukuma hewa chafu isishuke chupani. Glavu uvae mwanangu, mvuke haukujui. Mimi naupenda kwa sababu jikoni kwetu hewa haitulii, wajukuu waingia watoka.


Mwani_Jambiani

Assalaam alaykum jamani. Miye nnalima mwani huku Jambiani na nnasoma hapa nnajiuliza, hiyo aga si inatokana na mwani? Sasa kwani sisi wenye mwani tukanunue cha dukani? Spinosamu na kotoni ninayo gunia kwa gunia na bei ya mnunuzi mnaijua wenyewe.


Kitalu_Kigamboni

Waalaykum salaam dada, swali zuri sana na ningetamani jibu liwe ndio. Aga kweli inatoka kwenye mwani mwekundu lakini wa ukoo mwingine, Gelidium na Gracilaria. Mnaolima Zanzibar, spinosamu na kotoni, unatoa karajinani. Nayo inagandisha, ndo inaingia kwenye dawa za meno na aiskrimu, ila haina tabia moja: ya kotoni inakaza vizuri ikikuta potasiamu, ya spinosamu inabaki laini inatetemeka. Na ukiipika kwenye uchachu na presha ile tuliyoitaja inakatikakatika, inapoteza nguvu. Halafu mwani wa shambani una chumvi ya bahari ndani, uuloweke na kuuosha mpaka lini. Kwa chakula cha watu sawa, jeli ya mwani na juisi nasikia mnatengeneza nzuri, kwa okidi changa nunua aga.


Mwani_Jambiani

Ahsante bi mkubwa, nimefahamu. Basi nitanunua cha faluda nijaribu. Huku kwetu hiyo okidi ipo ingawa sio nyingi.


marando_bukoba

Naanza kushawishika lakini swali, hayo matunda ya Mkwezi yamejichavusha yenyewe au wadudu? Maana vanila huku usipoichavusha kwa mkono hupati kitu, ua linafunguka asubuhi, mchana limekwisha.


Kitalu_Kigamboni

Ya Mkwezi ni wadudu, na kama hakuna mmea mwingine karibu inawezekana ni chavua ya mmea huohuo. Inaota, ila ukipata ua la jirani mwenye mmea wenye sura nyingine ukachanganya watoto wanakuwa na nguvu zaidi na rangi zinatofautiana. Na wewe wa vanila mikono unayo tayari. Kwenye ua angalia ile nguzo ya katikati, nchani kuna kofia ndogo, ukiigusa na kijiti cha meno kutoka chini inabanduka na vibonge vya chavua vya njano vinanata kwenye kijiti. Chini kidogo ya hapo kuna kishimo kinachong'aa chenye ute wa gundi, bandika chavua humo. Ikishika ua linasinyaa haraka na kikonyo nyuma yake kinaanza kunenepa. Ansellia inakusamehe kuliko vanila, maua yake yanakaa siku nyingi, sio lazima uamke alfajiri. Usiache matunda zaidi ya mawili kwenye mmea mmoja, yanaunyonya.


marando_bukoba

Kumbe ni kijiti kilekile. Tulivyofundishwa vanila tuliambiwa mbinu ya kijiti aliibuni kijana mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion, Edmond Albius, mwaka 1841, wataalamu wa mimea walikuwa wamehangaika nayo miaka. Utajiri wakala wengine yeye akafa maskini. Haya endeleeni.


Mswahili_Maskati

Nipo Maskati, mamangu ni wa Unguja. Nina balkoni yenye neti na mashine ya mvuke, okidi zangu za dukani zinaishi. Nataka hii ya kwetu lakini naambiwa okidi za porini ni marufuku kusafirisha. Mtu akiotesha chupani anaweza kunipa nikija?


Kitalu_Kigamboni

Okidi zote duniani ziko kwenye mkataba wa CITES, ule wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama wa porini, Ansellia iko kiambatisho cha pili, na shirika la uhifadhi la IUCN wanaiweka kwenye kundi la zilizo hatarini kwa sababu ya kubanduliwa huku anakokusema Mkwezi. Kwa hiyo mmea mzima kuvuka mpaka bila kibali cha CITES usijaribu. Ila vitoto vilivyooteshwa chupani, vikiwa bado ndani ya chupa iliyofungwa safi, kwenye kiambatisho hicho cha pili vimesamehewa. Sio kwamba unapita tu, cheti cha afya ya mimea kwa huku kinatolewa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, na Oman nao wana masharti yao ya karantini, uliza kwanza huko kabla hujabeba. Chupa iende kwenye mzigo wa kushikwa mkononi, aga ikipinduka watoto wanazikwa.

Na Mkwezi hii inakuhusu na wewe, mmea wako uko shambani kwa babu hakuna shida, lakini usiende kuchuma matunda hifadhini Amani kwa kisingizio cha kuotesha.


Mkwezi_Muheza

Hapana mama, siendi huko. Nimepanga hivi, tunda moja nalivuna bichi kwa ajili ya chupa, la pili naliacha likauke. Sasa wazo langu, hizo kavu zikibaki si naweza kuzimwaga kwenye mwembe palepale kwa mama yao? Fangasi si yupo?

Na nikishaona kijani kwenye chupa nafuata nini?


Kitalu_Kigamboni

Wazo zuri na halina gharama. Zipake kwenye ile mizizi ya mama iliyosimama na kwenye gome lenye kuvu jepesi upande usiopigwa na jua la mchana, mvua za vuli zinapoanza, nyunyizia maji kama kuna ukame. Ule mtego wa mizizi na majani makavu ndo jiko lake, na fangasi wake yumo. Ukipata mche mmoja kwa maelfu ya mbegu furahi. Watu wengine wanatundika kipande cha gome au kumbi la nazi chini ya mmea mama halafu wanakinyunyizia, hiyo nayo jaribu.

Kwenye chupa utaona hivi. Kwanza mbegu inavimba, ile ngozi inapasuka, inakuwa kitufe cheupe halafu kijani, kidogo kuliko kichwa cha pini, kina vinyweleo chini. Hapo sio mche bado, hakina mzizi wala jani, usikiguse. Baadaye kinatoa ncha, ncha inakuwa jani, mzizi ndo unafuata. Hazitaota kwa pamoja, nyingine zitachelewa sana, usitupe chupa kwa sababu imetulia. Zikijaa mpaka zinasukumana zihamishie kwenye chupa mpya zenye chakula kilekile, ndani ya boksi kwa usafi uleule, hapo unaweza kuponda ndizi mbivu gramu 50 hivi kwa lita ukaongeza, zinapenda. Usiweke ndizi kwenye chupa ya kwanza ya mbegu.

Kuzitoa nje ni mpaka ziwe na majani kadhaa na mizizi miwili mitatu ya sentimita mbili au zaidi. Siku kadhaa kabla legeza mfuniko. Toa, osha aga yote kwenye maji ya uvuguvugu kwa vidole, ikibaki aga kwenye mizizi inaleta kuoza. Panda nyingi pamoja kwenye chombo kimoja kipana, chini changarawe, juu vipande vidogo vya mkaa wa kawaida na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Makumbi ya pwani yana chumvi, loweka, mwaga maji, rudia mpaka maji yatoke meupe. Udongo hapana, hata kidogo. Funika na mfuko wa plastiki uliotobolewa wiki za kwanza, kisha zidisha matundu pole pole, watoto wa chupani hawajui upepo, ngozi yao ni laini. Mbolea nusu ya nusu ya kipimo cha pakiti.

Ikishakuwa na mashina ya kushikika hii sio okidi ya kubembelezwa. Inataka mwanga mwingi, neti ya kivuli ya asilimia 50 inatosha, upepo upite, maji mengi inapokua na mashina yakikomaa punguza. Ifunge kwenye gogo la mwembe au weka kwenye kikapu cha mbao, mizizi ya juu itakuja yenyewe. Maua tegemea miaka mitatu mpaka mitano tangu itoke chupani, ikilelewa vizuri. Kwa hiyo kibiashara usisubiri maua, uza mche ulioshika gogo, mnunuzi mpe na maelekezo asiende kuifukia.


Mzee_Kizingo

Na konokono! Vile vikonokono vidogo vyapenda mzizi mchanga kuliko chochote. Meza ya kitalu miguu yake itie kwenye makopo ya maji.


Kitalu_Kigamboni

Kweli kabisa mzee, halafu maji hayo yabadilishwe, mbu nao hawajambo.


Mkwezi_Muheza

Nimehifadhi yote. Presha kuka ya nyumbani ni ya mke wangu, nimeshaambiwa ninunue yangu. Kesho nikipanda mwembeni nalipiga picha tunda niwawekee hapa, mama uniambie kama rangi imefika au bado.


Kitalu_Kigamboni

Piga mchana bila flashi, na weka kidole pembeni nione ukubwa. Piga na ncha yake kwa karibu, ufa huwa unaanzia huko.